Pombe ikipigwa marufuku nchi nzima: lipi kweli, lipi si kweli

Mvua zikisuasua hapa Ihumwa, Dodoma, au kijana akiokotwa asubuhi kandokando ya barabara ya Morogoro akiwa hajitambui, maneno huwa yaleyale: Serikali ipige marufuku pombe nchi nzima, tupumzike. Wanaosema hivyo hawasemi ovyo. Wapo kina mama ambao waume zao wanabeba zege mwezi mzima kwenye Mji wa Serikali pale Mtumba, na ujira haufiki nyumbani. Wapo wachungaji na masheikh waliozika vijana wadogo. Wapo walimu wanaomwona mtoto akisinzia darasani kwa sababu kilabu cha jirani hakikulala. Uchungu wao ninao na mimi. Ila kabla ya kuiomba Serikali iweke sheria nzito namna hiyo, yafaa tuyapime madai tunayoiegemezea, na vipimo vipo, maana Afrika Mashariki imeshajaribu marufuku ya pombe ya karibu kila aina. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana vijiweni na kwenye mikutano ya mtaa.

“Kwetu hatujawahi kujaribu”

Si kweli. Tumejaribu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza zuio hilo. Chini ya Waingereza, Mwafrika wa Tanganyika hakuruhusiwa kununua wiski wala brandi, Mzungu wa mtaa wa pili aliruhusiwa, na hali iliendelea hivyo hadi miaka ya 1950. Ubaguzi huo uliondoka, lakini gongo, ile pombe kali ya kienyeji, haikufunguliwa mlango: mwaka 1966 ilitungwa Sheria ya Moshi, moshi ikiwa ndiyo gongo yenyewe, na tangu hapo anayepika gongo bila leseni ni mhalifu. Mwaka 2017 vikafuata viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki. Huku kwetu Ugogo kuna marufuku nyingine ambayo watu wa mijini huisahau, nayo ni amri ya kutopika pombe kwa nafaka mwaka wa njaa. Hiyo ilitolewa na mabwana shauri wa kikoloni, na wakuu wa wilaya na mikoa wa zama zetu wameendelea kuitoa.

Kwa nusu karne na zaidi gongo imekuwa haramu, na hakuna mtu mzima wa Dodoma asiyejua pa kuipata.

“Pombe ikizuiwa, watu watakunywa kidogo”

Hili lina ukweli ndani yake, na wapinzani wa marufuku hukosea wanapolikana lote. Marekani ilizuia pombe nchi nzima kuanzia 1920 hadi 1933. Wachumi Jeffrey Miron na Jeffrey Zwiebel walikadiria kwamba mwanzoni unywaji ulishuka hadi karibu asilimia 30 ya ulivyokuwa kabla, kisha ndani ya miaka michache ukapanda tena hadi kati ya asilimia 60 na 70. Afrika Kusini iliposimamisha uuzaji wa pombe Machi 2020 wakati wa korona, wodi za majeruhi zilipumua, ingawa watu nao walikuwa wamefungiwa ndani na ni vigumu kujua ni kipi hasa kilichosaidia. Kwa hiyo, kiasi hupungua. Ila kinachobaki kinywani kinabadilika, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Iangalie pombe ya kienyeji ya hapa, ambayo Wagogo huiita ujimbi. Mama analoweka mtama au uwele, anauacha uchipue, anauanika juani, anausaga kuwa kimea. Anapika uji kwenye pipa, unapoa, anachanganya kimea, anauacha, anaupika tena, anaongeza kimea tena, na siku ya mwisho anachuja. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa na haina siri: kuni zinaonekana, moshi unaonekana, harufu inasikika hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Ikishaiva ni lazima inywewe, kwa sababu kesho yake imechacha na keshokutwa haifai hata kwa mlevi. Ni nzito kama uji, inashibisha, na kilevi chake ni kidogo.

Sasa ifanye haramu kama gongo. Mpishi afanye nini? Tupige hesabu. Dumu moja la lita 20 la gongo yenye kilevi cha asilimia 40 lina kilevi sawa na lita 160 za pombe ya asilimia 5. Lita 160 zinahitaji pipa zima, na wanywaji wake watakaa kwenye magogo nje ya nyumba kuanzia mchana. Dumu linafungwa nyuma ya bodaboda chini ya mfuko wa mkaa. Halichachi. Linaweza kukaa uvunguni mwezi mzima likisubiri askari wapite. Anayekamatwa na dumu na anayekamatwa na pipa wote wanakwenda kituoni, lakini mwenye dumu amebeba faida kubwa kwa mzigo mdogo. Marufuku inapowaweka wote kwenye kapu moja la uhalifu, kinachoshinda ni kikali, kwa sababu kinafichika. Wamarekani waliliona hilo: bia, ambayo mapipa yake ni makubwa na mazito, ilirudi nyuma, na pombe kali ikatawala.

Mzee aliyekuwa akitoka kilabuni jioni akiwa amechangamka na tumbo limejaa, kesho atatoka kwenye chumba cha nyuma akiwa amelewa kabisa na hajala kitu.

“Gongo inaua kwa sababu ni ya kienyeji”

Si kweli kama linavyosemwa, na naomba msomaji atulie hapa, kwa kuwa ujuzi huu unaokoa maisha. Gongo ina madhara yake: huharibu ini, huleta uraibu, na inapopikwa kwenye vyombo vibovu inaweza kubeba uchafu wa metali. Lakini vile vifo vya halaiki tunavyovisikia redioni, watu makumi kwa usiku mmoja, mara nyingi havitokani na nafaka wala na ustadi mdogo wa mpishi. Vinatokana na methanoli, kemikali ya viwandani inayotumika kwenye rangi na viyeyusho, ambayo mtu ameimimina kwenye pombe ili iwe kali kwa bei ndogo. Kwa macho na kwa pua haitofautiani sana na kilevi cha kawaida.

Mwilini, methanoli hugeuzwa na ini kuwa asidi ya fomiki. Mabadiliko hayo huchukua saa nyingi, hivyo mtu anaweza kulala akiwa amelewa tu kama kawaida, akaamka kesho yake akiwa na kichefuchefu, tumbo linamsokota, anahema haraka, na mbele yake anaona ukungu mweupe. Asidi hiyo hushambulia mshipa wa jicho. Mgonjwa wa namna hii si wa kupewa maziwa wala kulazwa kivulini apumzike. Ni wa hospitali, upesi, na wauguzi waambiwe ukweli wa alichokunywa. Dawa ipo, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine, lakini kila saa inayopita inachukua macho au uhai.

Hapa ndipo marufuku inapoingia. Ndugu wa mgonjwa anaogopa kusema alikunywa nini na wapi, kwa kuwa kusema ni kumpeleka shangazi au jirani jela. Muuzaji anayejua kwamba mzigo wake umeharibika hawezi kutoka barabarani kuwaonya wateja. Mnunuzi hana lebo ya kusoma wala ofisi ya kulalamikia.

Kenya imelipia somo hili kwa makaburi. Chang'aa, ambayo ndiyo gongo ya huko, ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli na wengine wakapofuka. Mei 2014 makumi walikufa Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa kijijini Kangai, Kirinyaga, na kwa maelezo ya vyombo vya serikali vyenyewe, pombe iliyowaua ilikuwa kielelezo kilichotoroshwa kutoka kituo cha polisi. Iliyokamatwa ili isiue ndiyo iliyoua. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa jinsi mnyororo wa marufuku unavyoweza kukatika mahali ambapo unategemewa sana.

“Basi tusizuie, tupandishe kodi ya bia tu”

Inategemea bia ipi, na hapo tena majirani zetu wametufanyia jaribio. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza bia ya pipa, Senator, ambayo serikali ya Kenya iliisamehe kodi kusudi iwe nafuu kiasi cha kumvuta mnywaji wa chang'aa. Ilifanya kazi, na baadaye ilipoanza kupikwa kwa mtama, wakulima wa mtama wakapata soko. Mwaka 2013 msamaha huo ukapunguzwa kwa nusu. Bei ikaruka, mauzo yakaporomoka kwa zaidi ya nusu. Vile vifo vya Mei 2014 vilitokea miezi michache baadaye. Sisemi kodi pekee ndiyo iliyoua, maana kuna mtu aliyeichanganya methanoli kwa mkono wake. Ila mwaka 2015 Kenya ilirudisha msamaha hadi asilimia 90, na nadhani haikufanya hivyo kwa kupenda ulevi.

“Kuzuia kupika pombe kunaokoa chakula”

Dai hili ndilo la Ugogo hasa, na ndilo linalotamkwa kwa nguvu kila mvua zinapokatika Februari. Kwa mwaka wa njaa kali lina mantiki: debe la mtama lililokuwa liende kwenye pipa likienda kwenye chungu, watoto wanakula. Sitabishana na mkuu wa wilaya anayeona maghala matupu.

Lakini tuangalie nani ana debe hilo na kwa nini analipika. Mara nyingi ni mwanamke asiye na ng'ombe. Mtama akiuuza ghafi mnadani, bei ni ndogo. Akiupika pombe, fedha inaongezeka, na fedha hiyo inanunua unga, sabuni na daftari. Machicha yanabaki, yanaliwa na kuku na nguruwe. Amri inapotolewa, mwenye ng'ombe haumii mwaka huo, anauza dume mmoja. Mama yule hana dume. Anachofanya ni kupika usiku, na akikamatwa pipa linamwagwa, yaani nafaka imepotea kabisa na haikumlisha yeyote, kisha kuna faini, na faini inalipwa kwa mtama mwingine.

Zamani hata zaidi ya leo, pombe huku ilikuwa ndiyo ujira wa palizi. Mtu mwenye shamba kubwa na mikono michache alipika, akawaita majirani, wakalima asubuhi na kunywa mchana. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo miaka ya 1960, aliandika kwa kina namna ushirika huu ulivyoshikamana na ng'ombe na ukoo. Nafaka iliyotumika kupika ilirudi shambani kama jasho, na jasho likawa mavuno. Anayehesabu kilo zilizoingia kwenye pipa pekee ameisoma nusu ya daftari.

Njaa kubwa kuliko zote wazee wanayoisimulia, Mtunya, ya 1917 hadi 1920, haikuletwa na vilabu. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma. Ningependa kiongozi yeyote anayesimama kutangaza zuio la kupika pombe aanze kwanza kusema maghala ya taifa yataleta magunia mangapi, na kwa bei gani.

“Viroba vilizuiwa, na mambo yakanyooka”

Kweli kwa sehemu kubwa, na wanaodhani kila zuio hushindwa wanapaswa kulitazama hili. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 mwaka huo pombe kali kwenye vifuko vya plastiki itakuwa marufuku. Kanuni zilitolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kisheria, basi, kilichozuiwa ni kifungashio. Pombe yenyewe iliendelea kuuzwa kwenye chupa.

Na nadhani hiyo ndiyo sababu ilifaulu pale ilipofaulu. Kiroba kilikuwa bei ya chenji, kinaingia mfukoni mwa sare ya shule, dereva wa bodaboda anakikata kwa meno akiwa kwenye foleni. Chupa haina wepesi huo. Mnywaji mtu mzima hakunyang'anywa kinywaji, aliwekewa ugumu kidogo kati yake na kinywaji, na mtoto akawekewa ugumu mkubwa. Takataka za vifuko zilizokuwa zimetapakaa kwenye vituo vya mabasi zilipungua. Uganda ilifuata mwaka 2019.

Madhara hayakukosekana. Wenye maduka ya jumla waliachiwa mzigo ghalani na muda mfupi mno wa kuumaliza. Mpakani, Mbeya na Songwe, viroba kutoka Malawi viliendelea kukamatwa. Na ndani ya mikoa, mwenye shilingi mia tano mkononi aliyeshindwa kununua chupa hakuhamia kwenye soda. Wengine walihamia gongo, inayopimwa kwa kikombe, kiasi unachotaka.

“Wakulima wa zabibu watageukia kitu kingine”

Kitu gani, kwenye udongo huu na mvua hizi? Mzabibu ni kati ya mimea michache inayoupenda ukame wetu, na Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka. Hombolo, Mpunguzi na vijiji vya jirani vimejenga nyumba za bati kwa zabibu za mvinyo, na zabibu hizo si zile tamu za mezani ambazo unaweza kuzipeleka sokoni Majengo zikaisha. Mtama mweupe nao una mteja mkubwa kwenye viwanda vya bia.

California ya miaka ya 1920 ina jambo la kutufundisha. Mashamba ya mizabibu kule hayakufa wakati wa marufuku, yaliongezeka, kwa sababu sheria iliacha mwanya wa kutengeneza juisi nyumbani na kila mtu alijua juisi ile itakuwa nini baada ya wiki mbili. Ila wakulima waling'oa aina nzuri wakapanda zenye ngozi ngumu, zinazostahimili safari ndefu ya treni. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1933 walikuwa na zabibu tele na mvinyo mbaya, na ilichukua miongo kurudisha ubora.

“Mlevi akikosa pombe ghafla, ndiyo dawa yake”

Si kweli, na ni hatari. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa miaka ukikatiwa ghafla unaweza kuasi. Ndani ya siku mbili za mwanzo mikono inatetemeka, jasho linatoka, na wengine hupata degedege. Siku ya pili au ya tatu baadhi huanza kuona na kusikia visivyokuwepo, na hali hiyo isipotibiwa inaua. Huko Kerala, India, maduka ya pombe yalipofungwa wakati wa korona mwaka 2020, serikali ya jimbo iliamua madaktari waandikie waraibu pombe kwa cheti, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na nchi nzima ikabaki inajadili jambo ambalo wauguzi walikuwa wanalijua tangu zamani.

Sisi Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Hospitali ya Mirembe, na kituo chake cha Itega kinachohudumia waraibu. Mtu wa Ihumwa anafika huko kwa daladala. Lakini mke anayetaka kumpeleka mumewe leo anaogopa kwanza watu watasema mume wake ni kichaa. Ukiongezea na hofu ya polisi, hatampeleka.

“Tukihalalisha gongo, tatizo limekwisha”

Hili nalo si kweli, na ni kosa la upande wa pili. Hoja ya kuihalalisha imeshafika bungeni mara kadhaa. Kenya ilishafanya: sheria ya 2010, ile watu waliyoizoea kwa jina la mbunge John Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa. Ikataka ipikwe kwa leseni, kwa viwango, ifungwe kwenye chupa za kioo zenye onyo la afya. Mama wa Kibera au wa Kisumu anayepika kwenye pipa moja hakuwa na fedha za kiwanda cha chupa, kwa hiyo akabaki gizani alipokuwa. Waliofaidika walikuwa wenye mitaji, wakajaza soko kwa pombe kali za bei poa, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru zimwagwe. Kibali ambacho maskini hawezi kukipata kinafanana sana na marufuku.

Ninachokiomba kwa Ihumwa ni kidogo na kinawezekana. Ujimbi na gongo visiwekwe kwenye kosa moja. Leseni ya kilabu iwe ya bei ambayo mama mwenye mapipa mawili anaweza kuilipa kwa mpiko mmoja, na bwana afya aje kukagua maji na vyombo kabla ya mgambo kuja kukagua nani atoe nini. Saa za kufungua zilizo kwenye sheria zifuatwe, mtoto asiuziwe na asitumwe, na anayemimina methanoli kwenye pombe ashtakiwe kwa uzito wa anayetia sumu kisimani. Zahanati ya kata iwe na mtu anayejua dalili za methanoli na namba ya kuita gari la wagonjwa usiku. Na mtaani itangazwe, kwa Kigogo na kwa Kiswahili, kwamba anayempeleka mgonjwa wa pombe hospitali hataulizwa aliinunua kwa nani hadi mgonjwa awe ameshatibiwa.